Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Cleveland Browns: Jezi Namba 76 Ina Wenyewe Wawili

Kwa Bwana Jimmy Haslam na Bibi Dee Haslam, wamiliki,
na kwa viongozi wote wa klabu ya Cleveland Browns,
Berea, Ohio.

Waheshimiwa,

YAH: HESHIMA YA MARION MOTLEY KABLA YA KUHAMIA BROOK PARK

Nawaandikia nikiwa mkazi wa jiji la Cleveland kwa miaka kumi na tisa sasa, na shabiki wa timu yenu ya mpira wa Marekani kwa karibu muda huohuo. Nimeiandika barua hii kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayofikiria kwayo jambo linaponigusa moyoni, na tafsiri yake ya Kiingereza nitaiambatanisha ili pasiwe na kisingizio cha kutoelewana. Tena nataka isomwe na majirani zangu waliotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, ambao watoto wao huvaa rangi zenu za kahawia na chungwa kila Jumapili ya msimu, ilhali wazazi hawajapata mtu wa kuwaeleza timu hii ilitoka wapi.

Ombi langu naliweka mwanzoni ili lisipotee katikati ya maelezo. Kabla timu haijauaga uwanja wa ufukweni mwa Ziwa Erie na kuhamia kwenye uwanja wenye paa mliokusudia kuufungua Brook Park mwaka 2029, naomba jezi namba 76, iliyostaafishwa kwa heshima ya Lou Groza, yaani haivaliwi tena na mchezaji mwingine, itangazwe kuwa imestaafishwa kwa heshima ya wachezaji wawili walioivaa, Lou Groza na Marion Motley. Naomba pia sanamu ya Motley isimamishwe mahali ambapo kila aingiaye atapita mbele yake, na historia ya wakimbiaji wa Browns, mtakapoiandika katika kuta za uwanja huo mpya, ianzie mwaka 1946 na isianzie mwaka 1957, alipokuja Jim Brown, kama tulivyozoea kuisikia.

Swali hili sikulianzisha mimi. Tulikwenda Canton, mwendo wa saa moja tu kwa gari kutoka hapa, kuzuru Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huu, na binti yangu, ambaye huijua orodha ya jezi zenu zilizostaafishwa kama anavyoyajua majina ya shangazi zake, akasimama mbele ya picha ya zamani ya mtu mweusi mwenye mabega mapana, mpira kaukumbatia, na kifuani ana namba 76. Akaniuliza, "Baba, hii si namba ya Groza? Huyu kaivaaje?" Sikuwa na jibu. Nililitafuta kwa wiki kadhaa baadaye, na barua hii ni matunda ya kulitafuta.

Kwa wasomaji wangu ambao wakisikia neno mpira hufikiria Simba na Yanga, au Gor Mahia na AFC Leopards, inafaa nieleze kidogo. Katika mchezo wa Marekani mpira hubebwa mikononi. Kotabeki husimama nyuma ya ukuta wa wenzake watano walio wazito kama magunia ya mahindi, na mara nyingi hugeuka akampa mpira mtu aliye kando au nyuma yake, na huyo ndiye atakayetimua mbio kuingia penye msongamano, akitafuta upenyo ambao huenda usidumu kwa kufumba na kufumbua. Huyo nitamwita mkimbiaji. Kazi yake hupimwa kwa yadi, na yadi moja haifiki hata mita moja, lakini kila yadi hulipiwa kwa mwili, kwa kuwa mwisho wa kila mbio ni kuangushwa na watu wawili, watatu au watano kwa pamoja. Kwa hiyo miaka ya mkimbiaji uwanjani huwa michache kuliko ya wachezaji wengi wengine, na deni ambalo timu hubaki nalo kwake haliishi siku anapopokea mshahara wa mwisho.

Mnajua kuliko mimi kwamba kuanzia msimu wa 1934 hadi ule wa 1945 hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliyecheza katika NFL, ligi kuu ya mchezo huu. Wa mwisho, Joe Lillard na Ray Kemp, walicheza mwaka 1933, kisha mlango ukafungwa bila sheria iliyoandikwa popote. Ulifunguliwa mwaka 1946 kwa pande mbili. Kule Los Angeles, timu ya Rams iliwasajili Kenny Washington na Woody Strode. Hapa Cleveland, klabu changa iliyokuwa ikijiandaa kwa msimu wake wa kwanza kabisa katika ligi mpya iliyoshindana na NFL, chini ya kocha Paul Brown, iliwaita Bill Willis, aliyecheza ukutani, na baada ya siku chache ikamwita Marion Motley, mkimbiaji. Walicheza mechi yao ya kwanza ya ligi tarehe 6 Septemba 1946, mbele ya watazamaji zaidi ya 60,000 katika uwanja wa manispaa uliokuwa hapohapo ufukweni mlipo leo. Jackie Robinson, anayekumbukwa kwa kuufungua mlango kama huo katika besiboli, aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Watu wa mchezo wa besiboli wameistaafisha namba yake 42 katika timu zote za ligi yao tangu mwaka 1997, na wamefanya vyema. Sisi tuliotangulia kwa miezi saba tumemfanyia nini mtu wetu?

Motley alizaliwa Leesburg, Georgia, tarehe 5 Juni 1920, na familia yake ikahamia Canton angali mtoto mdogo. Alisoma na kucheza katika sekondari ya McKinley ya mji huohuo. Akaenda chuo cha South Carolina State, kisha Nevada, na wakati wa vita akaingia jeshi la majini, ambako katika kituo cha mafunzo cha Great Lakes alichezea timu iliyofundishwa na Paul Brown. Alipoitwa Cleveland alikuwa na umri wa miaka 26, umri ambao wakimbiaji wengi wa leo huanza kuambiwa kwamba siku zao zimekaribia ukingoni. Naomba mlizingatie hilo kila mnapozisoma takwimu zake. Miaka yake ya nguvu za ujana aliitumia mahali pengine, kwa sababu mlango haukuwa wazi.

Alikuwa fulubeki, yaani mkimbiaji mzito wa katikati, na uzito wake ulizidi kilo 100, sawa au zaidi ya wengi waliojaribu kumzuia. Lakini nusu ya kazi yake haikuandikwa popote. Otto Graham, kotabeki ambaye sanamu yake mmeisimamisha nje ya uwanja, alirusha mipira yake kwa utulivu kwa sababu mbele yake alisimama Motley akiwapokea kifua kwa kifua wale waliotaka kumvunja. Katika miaka ya mwanzo alicheza pia upande wa ulinzi, hasa wapinzani walipokaribia mstari wetu. Namwona kama mtu anayelima shamba la mwenzake asubuhi na la kwake jioni.

Na matusi aliyoyapokea uwanjani yanajulikana. Baada ya kuangushwa, wapinzani walimkanyaga mikono kwa njumu za viatu, na waamuzi wakatazama pembeni. Motley na Willis walikuwa wamekubaliana na kocha wao kwamba hawatarudisha ngumi, kwani ugomvi mmoja tu ungetosha kuwapa sababu wale waliotaka mlango ufungwe tena. Mwaka huohuo wa 1946, timu iliposafiri kwenda Miami kucheza na Seahawks, wawili hao walibaki nyumbani, kwa kuwa Florida haikuruhusu weusi na weupe kucheza pamoja na vitisho vilikuwa vimetumwa. Nimejaribu kuwaza jioni ile ilikuwaje kwao, kukaa Ohio wakijua kwamba wenzao wako uwanjani na kwamba kosa lao pekee ni ngozi waliyozaliwa nayo. Wanangu wawili wana ngozi hiyohiyo.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Browns walitwaa ubingwa wa ligi ile kila mwaka tangu 1946 hadi 1949, na mwaka 1948 hawakupoteza hata mechi moja. Ligi ile haikuwahi kuwa na mkimbiaji aliyekusanya yadi nyingi kuliko Motley katika uhai wake wote. Ilipovunjika na Browns wakaingizwa NFL mwaka 1950, wengi walisema kwamba sasa timu hii itakutana na wanaume. Mechi ya kwanza ilikuwa Philadelphia, dhidi ya mabingwa watetezi, Eagles, na Browns wakashinda 35 kwa 10. Msimu huo Motley aliongoza NFL nzima kwa kukimbia, yadi 810. Tarehe 29 Oktoba 1950, dhidi ya Pittsburgh, alipewa mpira mara 11 tu akakimbia yadi 188, wastani wa zaidi ya yadi 17 kila alipoushika. Mwisho wa mwaka Browns wakawa mabingwa wa NFL katika msimu wao wa kwanza, kwa kuifunga Rams 30 kwa 28, na mpira wa mwisho ulioamua mechi ulipigwa na mguu wa Lou Groza.

Katika maisha yake yote ya uchezaji Motley alipewa mpira mara 828 na kukimbia yadi 4,720. Ukigawanya unapata yadi 5.7 kwa kila mara. Wastani wa Jim Brown, ambaye kila mtu hapa humwita mkimbiaji mkubwa kuliko wote, nami simpingi, ni 5.2. Silengi kumshusha Brown hata hatua moja. Nataka tu mjue kwamba Motley hadai heshima kwa sababu ya mateso yake peke yake, kwani hata kama angekuwa mweupe na hajawahi kukanyagwa mkono, takwimu hizi zingemtosha.

Nirudi kwenye swali la binti yangu. Tangu mwaka 1946 hadi 1951 Motley alivaa namba 76. Groza, aliyecheza naye miaka yote hiyo, alivaa 46. Mwaka 1952 ligi ilileta utaratibu mpya wa namba kufuatana na nafasi ya mchezaji, watu wa ukutani wakapewa namba za sabini, na wakimbiaji wazito wakapewa za thelathini. Basi Groza, aliyekuwa mtu wa ukutani, akachukua 76, na Motley akapewa 36, ambayo aliivaa kwa muda mfupi uliobaki kabla ya goti lake kumshinda. Ndivyo namba aliyoipigania Motley kwa miaka sita ilivyohamia kwa mwenzake, bila ugomvi na bila kosa la mtu yeyote kati yao.

Tazameni matokeo yake leo. Klabu imestaafisha namba tano, nazo ni 14, 32, 45, 46 na 76. Groza alizivaa mbili kati ya hizo, kwani 46 ilistaafishwa baadaye kwa heshima ya Don Fleming, mlinzi aliyefariki kwa ajali ya umeme mwaka 1963. Motley naye alivaa namba mbili katika klabu hii, moja imetundikwa kwa jina la mtu mwingine, na ya pili bado inagawiwa kwa yeyote anayekuja. Sidhani kwamba kuna mtu aliyekaa mezani akapanga iwe hivyo. Lakini jambo linaweza kuwa si la haki hata kama hakuna aliyelikusudia, na mwenye uwezo wa kulirekebisha akishaelezwa, kutokulirekebisha kunakuwa uamuzi wake.

Najua jibu moja litakalokuja haraka, kwamba jina la Motley limo katika Duara la Heshima mliloanzisha mwaka 2010, pamoja na wachezaji wote wa Browns waliomo katika Ukumbi wa Canton. Ni kweli, nami nashukuru. Lakini Duara lina majina mengi, nalo humheshimu mtu kwa kuwa mchezaji bora miongoni mwa wachezaji bora. Motley alikuwa hivyo, na alikuwa pia mmoja wa wawili waliofungua mlango ambao wote waliofuata katika nafasi yake waliupitia. Jambo hilo la pili halina alama yake.

Hebu nipite kwa haraka katika waliofuata, kwa sababu ninyi mnaipenda orodha hii na mna haki ya kuipenda. Jim Brown alikuja mwaka 1957, akacheza misimu tisa bila kukosa hata mechi moja, akaongoza ligi kwa kukimbia katika misimu minane kati ya hiyo, akaondoka akiwa na yadi 12,312 na ubingwa wa mwaka 1964, timu ilipoifunga Baltimore Colts 27 kwa 0. Mwaka 1967, hapahapa Cleveland, aliwakusanya wanamichezo weusi waliokuwa na majina makubwa, Bill Russell na Lew Alcindor, aliyekuja kuitwa Kareem Abdul-Jabbar, wakiwemo, wakamsikiliza Muhammad Ali na kusimama upande wake alipokataa kwenda vitani. Tuhuma za kuwapiga wanawake zilimfuata kwa miaka mingi, na historia inayoandikwa kwa ukweli haiwezi kulificha hilo kwa sababu tu mtu alikimbia vizuri. Sanamu yake mliisimamisha mwaka 2016, akiwa hai na akiiona kwa macho yake. Motley hakupata bahati hiyo, kwani alifariki tarehe 27 Juni 1999.

Bobby Mitchell alikimbia kando ya Brown kwa misimu minne, kisha mwishoni mwa 1961 akapelekwa Washington, timu ya mwisho ya NFL kukataa wachezaji weusi, ambako msimu uliofuata alikuwa miongoni mwa waliouvunja ukuta huo. Ni mwana wa Cleveland aliyepelekwa kufanya kwingine kile ambacho Motley alikifanya hapa. Na aliyepatikana kwa mabadilishano hayo alikuwa Ernie Davis, kijana wa chuo cha Syracuse, mweusi wa kwanza kutunukiwa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Kabla hajacheza mechi hata moja madaktari walimkuta na saratani ya damu, na tarehe 18 Mei 1963 akafariki akiwa na miaka 23. Jim Brown, aliyemtangulia Syracuse na Cleveland, alifariki tarehe hiyohiyo ya 18 Mei, miaka 60 baadaye.

Namba ya Davis, 45, mliistaafisha. Hakukimbia hata yadi moja kwa ajili ya Browns katika mechi ya ligi, na bado mliistaafisha, na sijawahi kumsikia mtu wa Cleveland akilalamika, nami nisingekaa kimya kama angekuwepo. Klabu ilifahamu wakati ule kwamba mtu anaweza kuwa na maana kwa timu na kwa jiji kuliko hesabu ya yadi zake. Ikiwa ufahamu huo mnao, na mmeutumia kwa kijana ambaye hakuwahi kucheza, basi kwa Motley, aliyecheza misimu minane na kuleta mataji matano, hoja ya kumnyima naitafuta siioni.

Leroy Kelly akamrithi Brown na kuongoza ligi mwaka 1967 na 1968. Wakaja Greg Pruitt na Mike Pruitt, ambao hawakuwa ndugu, kisha mwaka 1985 Kevin Mack na Earnest Byner wakapita yadi 1,000 kila mmoja katika msimu mmoja, jambo ambalo ni nadra kwa wawili wa timu moja.

Kuhusu Byner naomba radhi nikae kidogo, kwa sababu jinsi tulivyomkumbuka inanifundisha kitu kuhusu jinsi tulivyomsahau Motley. Tarehe 17 Januari 1988, Denver, mechi ya kuamua nani aende fainali kuu, Byner aliibeba timu kutoka nyuma kwa matachidauni mawili, yaani kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho mara mbili, na yadi 187 za kukimbia na kupokea, na zikiwa zimebaki sekunde zaidi kidogo ya 60 akiwa anaelekea kuisawazisha mechi, Jeremiah Castille akamchomoa mpira hatua chache kabla ya mstari. Tukashindwa 38 kwa 33. Tangu siku hiyo tukio zima limepewa jina la kosa lake, na mtu aliyefanya mengi kuliko wote katika mechi ile akawa ndiye aliyelaumiwa kuliko wote. Aliondoka, akapata ubingwa na Washington, kisha akarudi, na alikuwepo tarehe 17 Desemba 1995, siku ya mechi ya mwisho nyumbani kabla Art Modell, mmiliki wa wakati huo, hajaihamishia timu Baltimore, akikimbia kwa ajili ya watu waliokuwa wakilia na kung'oa viti. Jiji hili linajua kuhifadhi kumbukumbu ya mkimbiaji. Kosa moja la mkono mmoja tumelihifadhi kwa zaidi ya miaka 35, picha yake tunaijua hata gizani. Kama tunaweza kuihifadhi kumbukumbu hiyo, tunaweza na ile ya mikono iliyokanyagwa.

Timu iliporudi mwaka 1999, jina, rangi na rekodi zote zilikuwa zimebaki hapa kwa sababu mashabiki walizipigania. Miaka ya hivi karibuni Nick Chubb amekimbia yadi 6,843 akiwa na jezi yenu, za tatu kwa wingi katika klabu nyuma ya Brown na Kelly, ingawa goti lake liliumia vibaya Pittsburgh mwezi Septemba 2023. Mwaka 2025 akaenda Houston. Kwa hiyo kizazi cha watoto wangu kimemwona mkimbiaji wake akija na kuondoka, na sasa kinaanza kuwazoea vijana wapya.

Mtasema kwamba namba moja haiwezi kuwa na watu wawili. Inaweza. Timu ya besiboli ya New York Yankees ilistaafisha namba 8 mwaka 1972 kwa heshima ya Bill Dickey na Yogi Berra kwa pamoja, mmoja alimfuata mwenzake katika nafasi ileile, na hakuna aliyepungukiwa. Heshima ya Groza haitapungua hata chembe. Alicheza na Motley kwa misimu minane, walitwaa mataji pamoja, na sioni jina ambalo lingefaa zaidi kukaa pembeni ya lake.

Kuhusu sanamu, ningependa isiwe ya mtu anayekimbia peke yake kama zilivyo sanamu nyingi za wakimbiaji. Ingependeza Motley aonyeshwe akiwa amesimama mbele ya Graham, miguu imekita ardhini, akimsubiri anayekuja, kwa sababu hiyo nayo ilikuwa kazi yake na haina takwimu. Bill Willis naye asiachwe, maana hakuna aliyepita mlango ule peke yake. Mwaka 2022 Ukumbi wa Canton uliwatunuku wote wanne wa mwaka 1946, yaani Washington, Strode, Willis na Motley, tuzo yake ya waanzilishi, na mwaka 2019 Motley alikuwa miongoni mwa wakimbiaji 12 waliochaguliwa katika timu ya miaka 100 ya NFL. Wengine wamekwisha kuifanya sehemu yao.

Na maandishi yatakayowekwa chini ya sanamu yaseme kila kitu. Yaseme kwamba Motley, alipomaliza kucheza, aliomba kazi ya ukocha katika klabu hii na hakuipata, na kwamba mwaka 1965 alilalamika hadharani kuhusu hilo. Yaseme kwamba mtu aliyekuwa miongoni mwa akili bora za mchezo huu, aliyekuwa mweusi wa pili kuingia Ukumbi wa Canton, mwaka 1968, alipata riziki yake katika kazi nyingine, ikiwemo ya posta, ilhali alitaka kufundisha mpira. Waliokuwa na mamlaka wakati ule si ninyi, na simwombi mtu yeyote aliye hai abebe kosa ambalo si lake. Lakini klabu ni ileile. Mashabiki walidai rekodi za mwaka 1946 zibaki kuwa zenu timu ilipohama, na walikuwa na haki. Anayerithi mataji hurithi na madeni.

Uwanja wa Brook Park utagharimu mabilioni ya dola, na sehemu ya fedha hizo ni za wananchi wa Ohio. Gharama ya ninachokiomba haitaonekana hata kwenye hesabu ya rangi za kuta. Inahitaji kikao kimoja cha kukubaliana, na siku moja ya kutangaza, na kama mtanisikiliza katika hilo pia, siku hiyo iwe karibu na tarehe 5 Juni, siku aliyozaliwa, na familia yake ialikwe ikae mbele. Inafaa ifanyike mapema, timu ikiwa bado inacheza ufukweni, mahali palepale ambapo alishuka uwanjani mwaka 1946 akiwa na namba 76 kifuani, ili watu wa jiji washuhudie kabla milango ya pale haijafungwa.

Nakala ya barua hii pamoja na tafsiri yake nitaileta kwa mkono wangu mwenyewe katika ofisi zenu za Berea, na binti yangu ameniomba twende wote. Nilipokuwa nikiandika anwani juu ya bahasha ndipo nilipogundua kwamba barabara yenu ina jina la Lou Groza, na jengo lenu ni namba 76.

Wenu katika utumishi na upendo wa timu,

Mkazi na shabiki,
Cleveland, Ohio.